Jamaa Huulizwa Mwisho

Osiri, Migori
Jumapili, 2 Februari 1964

Kwa dada yangu Bonareri, mtoto wa mama,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ijapokuwa mmoja una malengelenge na wa pili hauko mbali kuyapata. Tulifika hapa siku ya nne baada ya kuagana nawe Ndhiwa. Mimi ni mzima na mumeo, shemeji Mokaya, ni mzima, na ule mguu uliokuwa ukimsumbua umepoa. Anakula vizuri. Usingizi unamchukua kabla sijamaliza sala, na anakoroma vile unavyojua, hata wenzetu wamemhamishia mlangoni.

Tuko watu wanane katika shimo moja. Lilichimbwa na Wazungu zamani wakaliacha, na sisi tumeingia bila kibali, hilo nakwambia wewe tu. Mkubwa wetu ni Magige, Mkuria wa Kehancha, mtu wa maneno machache. Mmoja wetu hushuka na mtaimbo, saba hubaki juu na kamba. Magige huita "Haraaa!" na sisi wote tunaitikia "Mbee!" na karai la mawe linapanda. Asubuhi Mjaluo, Mkuria na Mkisii huweza kutukanana mpaka mate yakauke, lakini wakishika kamba ugomvi unaisha.

Nilichokipenda zaidi ni utaratibu wa mashauri. Hakuna linalofanywa shimoni mpaka kila mtu aulizwe kwa zamu, na jamaa wa yule anayehusika huulizwa mwisho. Mmoja akisema hapana, shauri limekufa, hata kama wengine wote wamekubali. Juzi Nashon alikutwa ameficha chembe ya dhahabu shavuni. Wote walitaka afukuzwe. Mwisho akaulizwa kaka yake, Paul, naye akasema hapana. Basi, yakaisha. Nashon yuko nasi na anavuta kamba kuliko sisi sote.

Mimi nimefungua daftari la mikutano, nisije nikasahau ukarani niliojifunza chama cha ushirika. Mashauri mengine yote nimeyaandika vizuri: "Wanachama walikubaliana kwa kauli moja." Magige hajui kusoma, lakini hupenda nimsomee maneno hayo mara mbili.

Shemeji anasema yule mbuzi mweupe asiuzwe. Tena anauliza, siku ile barabarani ulifungua mdomo kisha ukaufunga. Ulitaka kusema nini?

Ni mimi ndugu yako,
Onsongo


Ndhiwa
Alhamisi, 20 Februari 1964

Ndugu yangu Onsongo, karani wa mashimo,

Barua yako imefika, nami nimeisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, Nyasuguta. Anakusalimu na anasema mtu anayeandika hivyo hawezi kuwa anafanya kazi ngumu. Sisi ni wazima. Mvua bado. Wimbi umeanza kupanda bei sokoni nami nimebakiwa na magunia mawili tu. Mbuzi yupo, amekula kanga yangu moja, mwambie mwenyewe.

Wewe na kauli moja yako! Tangu ukiwa mtoto ulikuwa hivyo. Tukivunja chungu, mama akiuliza nani, wewe hujibu "sisi". Mimi nilichapwa mara ngapi kwa sababu ya hiyo "sisi" yako?

Sasa sikiliza, na umsomee Mokaya polepole, wala usiongeze maneno ya ukarani. Nina mimba. Siku ile nilikuwa sijawa na hakika, na baada ya miaka sita ya kukaa bila mtoto niliogopa kusema kitu kisha kiwe si kitu. Sasa mkunga amethibitisha. Itakuwa mwezi wa nane mwishoni au wa tisa mwanzoni. Nyasuguta amelia siku nzima. Mwambie Mokaya simlazimishi kurudi kesho, lakini asikae huko mpaka mwezi wa nane.

Na wewe umtunze. Najua wewe ni mdogo kwake, lakini ndiye jamaa yake wa pekee hapo. Usisahau kwamba mkeo Mellen ulimwoa kwa ng'ombe aliowalipa Mokaya kwa ajili yangu. Sikusimangi, nakukumbusha kwa mapenzi.

Dada yako anayekucheka na kukuombea,
Bonareri


Osiri
Jumanne, 14 Aprili 1964

Kwa dada yangu Bonareri,

Salamu nyingi kwako, na kwa mama Nyasuguta, na kwa wote wa hapo nyumbani. Tumechelewa kuandika kwa sababu ya mvua. Barabara ya Migori ilikuwa haipitiki. Mimi ni mzima. Wenzangu wote ni wazima.

Kuhusu shemeji, nakuarifu kwamba aliondoka hapa mwezi wa tatu. Alipata habari za dhahabu nyingi upande wa Tanganyika akavuka mpaka. Sisi sote tulimsihi akae, akakataa. Baadaye tulikaa tukakubaliana sote, kwa moyo mmoja, kwamba usiwe na wasiwasi. Wenzake wote wanakupa pole kwa kungoja.

Nakuletea koti lake kwa mkono wa mwuza samaki atakayepita Ndhiwa.

Shimo lile tumeliacha. Tunachimba jingine karibu na mto.

Mimi,
Onsongo


Ndhiwa
Jumapili, 3 Mei 1964

Ndugu yangu,

Sisi ni wazima. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini. Nyasuguta ana kikohozi. Mtoto amekwisha anza kucheza tumboni, asubuhi hasa, nikiwasha moto.

Koti limefika. Nimelitundika pale pale linapokaa siku zote, na tangu hapo sifanyi kazi yoyote bila kulitazama. Onsongo, ni mwanamume gani anayekwenda Tanganyika wakati wa masika bila koti? Mfukoni kuna kitabu chake cha nyimbo. Mokaya hata chooni huenda nacho. Na ndani ya kitabu kuna barua yangu, imekunjwa mara nne. Kwa hiyo ulimsomea. Alijua. Alijua kwamba nina mtoto wake, akaiacha barua, akaacha koti, akavuka mpaka?

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi inataka kuchanika. Hukumtaja mtu hata mmoja. Wote walimsihi. Wote walikubaliana. Wote wananipa pole. Pole ya nini, kama mtu amekwenda kutafuta dhahabu? Na tangu lini watu wakakaa kikao kukubaliana kwamba mke wa mtu asiwe na wasiwasi?

Nakujua. Unapojificha nyuma ya watu ninaona miguu yako. Naomba uniandikie barua moja ambayo ndani yake upo wewe peke yako. Wewe uliona nini? Wewe ulifanya nini?

Wako,
Bonareri


Ndhiwa
Jumapili, 28 Juni 1964

Onsongo,

Hujajibu. Nilidhani barua imepotea, lakini mwuza samaki anasema alikukabidhi mkononi na ulimshukuru.

Nakueleza tu yanayotupata. Jana, siku ya Sabato, baada ya ibada wazee wa kanisa waliniita. Walisema kwa upole. Walisema kanisa zima limeomba kwa sauti moja ili Mokaya amwache huyo mwanamke aliyempata Tanganyika, arudi kwa Mungu na kwangu. Nikauliza, mwanamke yupi? Wakatazamana. Hakuna aliyejua habari imetoka wapi, lakini wote walikuwa wameikubali. Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba aibu ya mtu ambaye sidhani ameitenda.

Nyasuguta huketi kando ya njia kila jioni, anatazama upande wa kusini. Watu wakimsalimu anawaambia anaota jua, na jua limekwisha tua. Ondieki, mdogo wake Mokaya, anataka kwenda Tanganyika kumtafuta kaka yake. Hana viatu, hana anakokwenda, lakini anataka kwenda. Nimzuie au nimwache? Jibu hilo tu, kama mengine yanakushinda.

Bonareri


Osiri
Jumatatu, 20 Julai 1964

Dada Bonareri,

Salamu. Mimi ni mzima kidogo. Sipati usingizi mzuri, chakula hakinipendezi, lakini siyo malaria.

Mzuie Ondieki. Asiende Tanganyika.

Mengine sina ruhusa ya kuyasema. Tulikula kiapo hapa, watu wote, na Magige ndiye aliyekisimamia kwa desturi ya kwao. Atakayesema, kinywa chake ni cha kuwafunga wenzake sita. Usiniulize, dada. Nakuomba kwa jina la mama.

Onsongo


Ndhiwa
Jumatatu, 7 Septemba 1964

Ndugu yangu Onsongo,

Nimejifungua salama siku ya Jumanne iliyopita, adhuhuri. Ni mtoto wa kiume. Ana kichwa kikubwa na vidole virefu vya miguu, na wewe unajua vidole hivyo ni vya nani. Nyasuguta alimshika, alimpeleka mlangoni penye mwanga akamwangalia kwa muda mrefu sana.

Sasa nina jambo, na nimelifikiria tangu uliponiambia nimzuie Ondieki. Umekula kiapo, sitaki uvunje kiapo chako. Sikuulizi kilichotokea. Sikuulizi ni nani na nani. Nakuuliza jina.

Unajua mila yetu. Mtoto hupewa jina la aliyekufa. Kama baba yake yu hai, mahali popote, na mwanamke yeyote, basi mtoto huyu ataitwa Nyarangi, jina la marehemu babu yake. Nikimpa jina la baba yake naye baba bado anatembea duniani, nitakuwa nimemchimbia kaburi mume wangu kwa kinywa changu mwenyewe. Kama hayuko, nami nikimwita Nyarangi, nitakuwa nimemwacha Mokaya nje bila mtu wa kumpokea.

Mpaka leo mtoto hana jina. Majirani wanakuja kumwona, wanauliza, nasema bado. Kanisani wanataka kumwombea, nasema bado. Amelala hapa ninapoandika. Namwita "wewe".

Andika jina moja tu. Hata salamu usiweke.

Dada yako


Osiri
25 Septemba 1964

Mokaya.


Ndhiwa
Jumapili, 11 Oktoba 1964

Onsongo,

Barua yako nilipewa sokoni. Niliifungua palepale, nikaifunga, nikauza wimbi wangu mpaka ukaisha, nikarudi nyumbani. Nilipofika kwenye ua nikaketi chini.

Tumelia siku nne. Nyasuguta amenyoa nywele. Mtoto tumempa jina, na alipoitwa mara ya kwanza alifungua macho, labda ni bahati tu. Wazee wa kanisa walikuja wakasema wote wanasikitika. Nikawajibu mwezi wa sita wote mlikuwa na hakika. Hawakukaa sana.

Kiapo chako hakina kazi tena. Nimekwisha jua amekufa, na sina haja ya kumfunga mtu yeyote. Lakini nataka kujua alivyokufa, na yuko wapi, maana mtu hawezi kuachwa hivihivi kwenye nchi ya watu. Niandikie kama ulivyo. Usiniletee daftari.

Bonareri


Osiri
Jumapili, 25 Oktoba 1964

Dada,

Nimeanza barua hii mara tano. Naomba uisome ukiwa peke yako, kisha uamue wewe utawasomea nini wengine.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu. Barua yako ilifika asubuhi hiyo. Nilimsomea mbele ya shimo, polepole, kama ulivyosema. Alinifanya niisome tena. Alicheka, akakaa chini, akasimama, akamwambia Magige, "Mzee, mimi iko na mtoto!" na Magige akampa mkono. Zamu ya kushuka ilikuwa yangu, dada. Mokaya akasema, "Wewe kaa, andika jibu sasa hivi, mimi nashuka badala yako." Alivua koti akaliweka kwenye jiwe. Nilikuwa nimeandika mistari miwili udongo ulipoanguka.

Ulianguka katikati ya shimo, siyo chini alipokuwa yeye. Magige alitusihi tunyamaze, tukanyamaza, na tukamsikia. Alikuwa anagonga mwamba kwa mtaimbo. Mara tatu, ananyamaza, mara tatu. Tulichimba tangu saa nne mpaka saa tisa. Kila tulipotoa makarai kumi, yaliporomoka ishirini. Wingu lilikuwa limefunga upande wa ziwa. Nashon alichimba mpaka kucha zikang'oka.

Saa tisa Magige alitukalisha. Alisema mvua ikinyesha ukuta wote utashuka, na aliyemo ndani atakufa na anayechimba atakufa. Kwenda Migori kuomba watu wa serikali ni mwendo wa kurudi kesho, na wakija watatukuta hatuna kibali, watatufunga sote. Alisema ama tuendelee, ama tufunge shimo na tuseme mtu amekwenda Tanganyika. Kisha akauliza kwa zamu, kama desturi. Nashon alisema, "Mimi nasema tufunge." Alikuwa analia. Paul akasema tufunge. Wakaenda hivyo, mmoja mmoja, na wakati wote huo kugonga kulikuwa kunasikika.

Mimi niliulizwa mwisho.

Dada, ningesema hapana wangechimba. Nataka ulijue hilo. Walikuwa wanataka niseme hapana, niliona nyuso zao. Nashon alikwisha shika karai tayari. Magige aliniambia, "Onsongo, mtu ni wako. Sema wewe, sisi nafuata." Sikuogopa udongo. Niliogopa jela. Nilimwona Mellen, nikaona aibu ya karani kufungwa, nikajiambia wote wameshakubali, mimi ni nani wa kuharibu? Nikasema tufunge.

Kila mtu alimimina karai lake, ili asiwepo wa kusema hakuwemo. Jamaa hutangulia. La kwanza lilikuwa langu. Magige akaita "Haraaa," na hakuna aliyeitikia, lakini tulimimina.

Mvua haikunyesha siku ile wala kesho yake. Ilinyesha Ijumaa.

Nimeweka ndani ya bahasha karatasi niliyokuwa naandika asubuhi ile. Inasema: "Dada Bonareri, shemeji amefurahi hata hawezi kukaa kitako. Anasema atarudi kabla ya mwezi wa saba na mtoto asipewe jina mpaka afike." Imeishia hapo.

Naomba ruhusa nije Ndhiwa. Nije nipige magoti mbele ya Nyasuguta, nimwone mtoto, nimweleze Ondieki mahali penyewe kwa kinywa changu. Mkitaka kunipeleka kwa polisi, nitakwenda kwa miguu yangu. Nijibu kama nije.

Mimi niliyefanya hayo, mimi Onsongo


Ndhiwa
Jumapili, 22 Novemba 1964

Onsongo,

Niliwasomea yote. Sikuruka hata neno.

Ondieki atakuja mwezi ujao. Mwambie Magige ampokee na kumwonyesha mahali. Atachota udongo wa hapo, tuuzike hapa nyumbani chini ya ukuta wa zizi alipopachagua Mokaya mwenyewe, na baada ya hapo mama yake atakuwa na pa kukaa jioni. Mwambie Nashon kwamba nimesikia habari za kucha zake. Polisi hatutakwenda. Hilo ni shauri la Nyasuguta, anasema hataki kulea mjukuu huku mama wa watu sita wengine wanaketi njiani.

Kuhusu ombi lako, tulikaa Jumamosi baada ya ibada, tukaamua kwa utaratibu wenu, kwa zamu. Ondieki aliulizwa kwanza. Akasema uje, maana umesema ukweli. Mkeo Mellen alikuwepo, alitembea siku mbili kuja kukuombea. Akasema uje. Nyasuguta, ambaye nilidhani angekulaani, alisema uje umwone mtoto, damu yenu ni moja, na yeye amechoka. Nilitazama nyuso zao. Wote walitaka nikubali, chakula kiliwe.

Mimi niliulizwa mwisho. Mtoto Mokaya alikuwa ananyonya.

Nilisema hapana.

Ni neno dogo, Onsongo. Nililisema, na shauri likafa palepale. Hakuna ukuta ulioanguka. Mtoto hata hakuacha kunyonya.

Bonareri